Onyo la Tatu la Matroni

Fundi wa kompyuta wa chuo kile alikuwa mwanamke wa miaka arobaini kasoro miwili, mfupi, mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi pembeni, na hakuwa na subira hata kidogo na mtu anayesema "sijagusa kitu." Kila mtu aliyewahi kuharibu kompyuta hapa duniani hakugusa kitu. Basi asubuhi hiyo kompyuta namba saba ilipoanza kuonyesha picha zikiwa michirizi ya rangi, na insha zikiwa alama zisizosomeka, na mwanafunzi aliyekaa mbele yake akaapa kwamba hajagusa kitu, Fundi alivuta kiti, akamsogeza kijana wa watu kwa kiwiko, akatazama mwenyewe.

Kulikuwa na faili moja jipya. Jina lake lilikuwa Kitanda13.

Moyo ukampiga paa. Si kwa ajili ya virusi, maana virusi alishaviona vya kila aina na alikuwa akivisimulia kama mtu anavyosimulia majirani wakorofi. Moyo ulimpiga kwa sababu jina lile alilitunga yeye mwenyewe.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Miaka minane kabla ya siku hiyo Fundi alivunjika mguu, akafungwa plasta, akalazwa wiki sita nyumbani kwa kaka yake bila kazi yoyote zaidi ya kujikuna kwa rula. Kwenye kompyuta kuukuu ya nyumba ile kulikuwa na gemu moja la kutisha, linaitwa Bweni. Unatembea na tochi katika bweni la shule lililohamwa, unasikia hatua nyuma yako, unahesabu vitanda kumi na viwili, basi, gemu limekwisha. Lilikuwa gemu la ovyo, tusidanganyane. Lakini lilikuwa na mashabiki, na mashabiki walikuwa na jukwaa lao kwenye intaneti, na Fundi, kwa uvivu wa kulala chali, akaingia humo kwa jina la Matroni akaanza kuwatilia chumvi.

Aliwaambia kwamba kipo kitanda cha kumi na tatu. Kwamba yuko msichana ambaye jina lake halikuandikwa daftarini, na watengenezaji wa gemu walimficha ndani ya faili wakaogopa kulitoa. Watu wakapagawa. Wakachora picha, wakaandika kurasa juu ya kurasa, wakabishana mtaro wa bafu unaelekea wapi. Wakaamini kwamba Matroni ni mtu aliyefanya kazi kwa watengenezaji akafukuzwa. Naye, kichwa kikazidi kuvimba, akaweka masharti. Akaandika kwamba siku faili litakapojitokeza, Matroni ataonya mara tatu: kwanza kwa upole, pili kwa ukali, tatu kwa machozi, na katika hilo la tatu atakana kila kitu na kusema hadithi yote aliitunga. Hapo ndipo mjue faili ni lenyewe, mlifungue. Watakaofungua kabla ya onyo la tatu watapoteza vyote walivyohifadhi.

Alijiona mjanja siku ile, akacheka peke yake mpaka plasta ikatikisika. Kumbe alikuwa anajipalia makaa.

Sasa mtu asiyejulikana, roho mbaya tupu, alikuwa ametengeneza faili la kuharibu kompyuta kisha kulipachika jina hilo na kulisambaza jukwaani. Fundi alilichukua kwa flashi akaenda nalo stoo, kwenye kompyuta moja mbovu isiyounganishwa na kitu chochote, akalifungua makusudi. Dakika nne tu. Lilipita folda moja baada ya nyingine likigeuza kila kitu kuwa takataka, likaingia hata kwenye flashi. Halikudai chochote wala halikuacha ujumbe. Lingedai, angalau mtu angejua linataka nini.

Alirudi mezani, akaingia jukwaani, akaandika kama mtu mzima anayejua kazi yake: "Jamani, tafadhali msifungue Kitanda13. Nimelipima. Linaharibu mafaili yote." Kabla hajamaliza kusoma alichoandika, majibu yalishafika. "Onyo la kwanza! Kwa upole kabisa!" Watu walipongezana kama wamepata mtoto.

Fundi akapandwa na hasira. Akaandika tena, safari hii bila tafadhali, akawaita wajinga na akaeleza kitu ambacho faili lile hufanya, hatua kwa hatua. "La pili hilo!" wakaandika. "Ukali kama ulivyotabiriwa!" Mmoja akatangaza kwamba rafiki yake alifungua mapema na amepoteza picha zote za mahafali, na badala ya kusikitika wakasema si tuliambiwa.

Hapo Fundi akaacha kuandika. Akikaa kimya, watafungua kwa kuchoka. Akisema ukweli kwamba yote ni uzushi wake, hilo ndilo onyo la tatu, watafungua kwa furaha. Alikuwa amejenga nyumba isiyo na mlango na sasa yumo ndani. Akamwandikia msimamizi wa jukwaa, mtu ambaye hawajawahi kuonana, akamwomba aliondoe faili. Mchana msimamizi akaliondoa, Mungu ambariki, lakini waliokwisha kulipakua walikuwa nalo.

Saa tisa na robo mmoja wa mashabiki wakubwa, anayejiita Panya, akaweka tangazo. "Ninalo. Saa kumi kamili nalifungua laivu, onyo la tatu liwe limekuja au halijaja. Njooni mtazame." Chini yake aliweka picha ya meza yake.

Fundi aliitazama picha ile, akaisogeza karibu, akavua miwani, akaivaa tena. Mezani kulikuwa na kipaza sauti kilichovalishwa soksi. Soksi ya kuchezea mpira, ya bluu, kidole gumba kimetiwa kiraka cha uzi mwekundu. Kiraka kile alikishona yeye, na soksi ile aliivalisha yeye kwenye kipaza sauti kile, ili pumzi za kaka yake zisiingie kwenye rekodi.

Panya ni mtoto wa kaka yake.

Kaka yake mtaani walimwita Honi. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akisikika hata na walio ghorofani: "Breki, mama, breki, hiyo ni klachi!" Mwaka jana madaktari wakamkuta na ugonjwa kooni, wakamwambia watatoa kisanduku cha sauti chote, na kwamba akipenda anaweza kurekodi maneno yake mapema. Alirekodi miezi miwili, vipande elfu mbili mia moja na kumi na vinne. Kazi iliyobaki ilikuwa kusikiliza kila kipande, kukikata, kukipa jina, ili kiingizwe kwenye kishikwambi ambacho angekuwa akikibonyeza kizungumze kwa sauti yake mwenyewe. Kazi hiyo alipewa binti yake, mwenye miaka kumi na tisa na masikio mazuri. Kompyuta ya kazi hiyo ndiyo hiyo hiyo ya Panya. Kwenye picha diski ya nakala ilionekana imechomekwa ubavuni.

Lakini si hilo lililomtisha Fundi zaidi. Alirudi kwenye barua alizowahi kuandikiwa kama Matroni, akatafuta jina la Panya, na akaipata ya miezi miwili nyuma. Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akasoma jibu lake mwenyewe, na jibu hilo akalisoma mara moja tu.

Akampigia binti, simu imezimwa. Akampigia kaka yake. Tangu apasuliwe, Honi hupokea simu kwa kidole: akigonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, mara tatu ni usinichoshe.

"Kaka, uko nyumbani?"

Akagonga mara moja.

"Binti yuko chumbani kwake? Mwambie asiguse ile kompyuta. Asiguse kabisa."

Akasikia hatua zikienda, mlango ukigongwa, hatua zikirudi. Halafu mara mbili. Baadaye ukaja ujumbe: "Amefunga kwa ndani. Amevaa hedifoni. Nimegonga, nimepitisha karatasi chini ya mlango. Kuna nini?"

"Nakuja," Fundi akasema, akaacha hata mkoba.

Mitaa mitano si mbali ukiwa na miaka kumi na tisa. Fundi alifika ghorofa ya tatu akihema, jasho linamtoka mpaka kwenye miwani, na ule mguu uliovunjika zamani unamkumbusha kwamba upo. Honi alimfungulia, daftari lake la kuandikia likining'inia shingoni kwa kamba. Wakaenda mlangoni kwa binti wakaupiga kwa mikono minne, mpaka ukafunguliwa.

"Shangazi, shikamoo. Nina dakika kumi na mbili," binti akasema, hedifoni zikiwa shingoni. "Watu mia nne wananisubiri."

"Marahaba. Hilo faili usilifungue. Limeua kompyuta moja chuoni leo, na ya pili nimeiua mwenyewe nikilipima."

"Hao walifungua mapema. Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

Binti akatabasamu kwa huruma, lile tabasamu vijana wanalowahifadhia watu wazima. "Shangazi, mimi si mtoto. Najua hadithi ni hadithi. Lakini faili ni la watengenezaji, na maonyo mawili yametoka leo leo. Nimelipitisha kwenye programu ya virusi, halikuonyesha kitu. Miaka mitano nangoja hii."

Fundi alikuwa na ufundi wa miaka kumi na tano na hoja kumi kichwani, na kila hoja ilikuwa imeshajibiwa na yeye mwenyewe miaka minane iliyopita. Akaona njia moja.

"Sawa. Fungua. Lakini kwanza tutoe sauti za baba yako tuziweke pembeni."

Binti akamtazama baba yake aliyesimama kizingitini. Akageuza macho haraka. "Ziko kwenye diski. Nanakili kila Ijumaa." Akachomoa ile diski, akampa shangazi yake mkononi. "Chukua, kaa nayo hata jikoni. Sasa niacheni."

Honi akainua kidole gumba, ameridhika. Akamshika dada yake bega amtoe nje taratibu, kama alivyokuwa akiwatoa wanafunzi kwenye gari baada ya somo.

Fundi hakutoka. Alisimama na diski mkononi, na alijua haina kitu.

"Njoo kidogo jikoni, mwanangu. Mimi na wewe tu."

"Dakika tisa, Shangazi."

"Dakika moja."

"Siji."

Angeweza kumnyang'anya kompyuta, aliwaza, lakini kidole cha mtoto kilikuwa juu ya kitufe. Angeweza kuichomeka diski pale mezani, lakini kaka yake angeona yale yale. Hakuna namna ya kulisema jambo hilo ambayo Honi asingelisikia. Masikio ya Honi madaktari hawakuyagusa.

Akapiga moyo konde.

"'Mpendwa Matroni,'" akasema, na sauti yake haikuwa nzuri. "'Nyumbani nimepewa sauti ya mtu niipange. Namwambia nimefika nusu. Sijafungua hata kipande kimoja. Wanadhani nanakili kila Ijumaa, na diski ni tupu. Nikiishika hiyo folda mikono inakufa ganzi. Nifanye nini?'"

Uso wa binti ukapauka.

"Hiyo niliandika kwa Matroni. Umeingia kwenye barua zangu?"

"Sikuingia. Niliandikiwa mimi. Na nikakujibu, nikingoja maji yachemke, kwamba folda iliyolala usiiamshe, sauti ina subira kuliko wewe. Niliona nimeandika kitu kizuri. Sikujua ni nani, wala sikujali kujua." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Hakuna kitanda cha kumi na tatu. Nilikitunga mguu wangu ukiwa na plasta, wewe umekaa miguuni pangu unamwaga chenga za biskuti kitandani. Yote nilitunga mimi."

Kompyuta ikaanza kulia kengele ndogo ndogo, moja juu ya nyingine. Kipaza sauti kile chenye soksi kilikuwa wazi muda wote. Binti alikuwa amekwisha kufungua matangazo ili ajaribu, na watu mia nne walikuwa wamesikia kila neno. Maandishi yalikuwa yakipanda kwenye kioo kwa kasi: Analia. Anakana. La tatu. Fungua. Fungua. Fungua.

"Unalia," binti akasema polepole. "Unakana. Shangazi, hili ndilo la tatu."

"Najua."

"Kwa masharti yako mwenyewe, sasa nifungue."

"Najua, mwanangu. Niliyaandika vibaya."

Mkono wa binti haukuondoka kwenye kitufe. Na tusimwonee: hasira ilikuwa inamchemka, aibu imempanda mpaka masikioni, na mtu wa namna hiyo anaweza kubonyeza chochote ili tu kitu kingine kilipuke badala yake. Hakuwa anamtazama shangazi yake tena. Alikuwa anamngoja baba yake, na hakuthubutu kugeuka.

Honi aliingia. Alifungua daftari, akakaa pembeni ya kitanda cha binti, akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kwa mtu aliyeandika kidogo, maana alifuta mara mbili. Kisha akaliweka daftari juu ya vitufe vya kompyuta, juu ya mkono wa mtoto wake.

"Nilijua hujaanza," yalisema maandishi. "Nasikia kupitia ukuta huu. Siku zote nasikia hatua za hilo gemu, sijasikia sauti yangu hata mara moja. Sikuuliza kwa sababu na mimi naogopa siku utakayoniambia tayari."

Binti alisoma. Akasoma tena. Halafu akautoa mkono wake chini ya daftari, akauweka juu ya goti la baba yake, akainama akalia kwa sauti, na Honi akalia bila sauti. Fundi alikuwa wa tatu, amesimama na diski tupu kama mtu aliyeleta zawadi nyumba isiyo yake.

Saa kumi ilipita hivyo hivyo. Baadaye binti alijipangusa, akasema kwenye kipaza sauti, "Sifungui. Ni virusi. Mlale salama," ingawa ilikuwa mchana kweupe, akazima. Kwa wiki nzima jukwaa zima liliamini kwamba Panya amechukuliwa na kitanda cha kumi na tatu, na wengi wakaogopa, na wakalifuta faili. Ndivyo walivyookoka. Matroni alikuja kuandika ukweli wote kwa jina lake halisi. Watu sita walimwamini, wengine wakamwambia atafute hadithi yake mwenyewe.

Lakini siku ile Fundi alifanya kazi yake kwanza. Alilifuta Kitanda13, akalifuta tena kule linakobaki baada ya kufutwa, akapima, akachomeka diski. Akafungua folda. Vipande elfu mbili mia moja na kumi na vinne vilianza kuhama, na mstari wa kijani ukatembea taratibu.

"Sijakusamehe," binti akamwambia bila kugeuka.

"Sawa."

"Usiniandikie tena kwa jina lile."

"Sitaandika."

Mstari ulipofika mwisho Fundi alichomoa diski, akaitia mfukoni, akasema anakwenda zake. Hakuna aliyemwambia abaki wala aondoke. Alikuwa mlangoni, anavaa viatu, binti aliposogea kwenye kiti chake akamwachia baba yake nusu. Akachomoa waya wa hedifoni ili wasikie wote.

"Baba, tuanze?"

Honi alitikisa kichwa kukataa. Kisha akagonga meza mara moja.

Binti akabonyeza kipande cha kwanza. Kwanza kulikuwa na mkwaruzo wa soksi kwenye kipaza sauti. Halafu ikajaa chumbani ile sauti nene, isiyojua kusema polepole, sauti ya mtu anayebishana na chombo: "Inarekodi hii? Mbona sioni taa? We mtoto, njoo uangalie, nisije nikawa naongea na ukuta."

Honi akajishika shingo kwa mkono mzima. Mabega yakaanza kumtikisika, na ilichukua muda dada yake pale mlangoni kutambua kwamba anacheka.

Binti akafuta jina la kipande, lililokuwa namba tu, akaandika: Inarekodi hii. Akabonyeza cha pili.